Siku 25 za kutembea na Speke bila kutoka chumba cha kompyuta

Nimeahidi kuiandika hii habari tangu mwezi wa nane ule, nikawa naahirisha, mara mitihani, mara harusi ya mdogo wangu Geita, mara uvivu tu wa kawaida. Sasa leo mvua inanyesha hapa Nyegezi tangu asubuhi, umeme upo (ajabu), chai ipo, basi ngoja niandike.

Kwa asiyenijua, mi ni mwalimu wa historia, sekondari ya kata, hapa hapa Mwanza. Na kama umesoma Tanzania unaijua ile mada ya mawakala wa ukoloni. Wapelelezi, wamisionari, wafanyabiashara. Ukimwamsha mtoto wa kidato cha pili saa nane usiku ukamuuliza anakutajia hizo tatu kwa mpangilio huo huo, hajakosea, halafu analala tena. Ukimuuliza Speke alifanya nini anakwambia aligundua Ziwa Victoria mwaka 1858. Ukimuuliza alilifikia wapi hilo ziwa anakuangalia tu. Yaani mtoto kakaa Mwanza miaka 15, kila siku anapita na daladala kandokando ya maji, hajui kwamba huyo mzungu wa kwenye noti zake alilifikia ziwa hapa hapa, na kwamba aliandika jina Muanza kwenye daftari lake.

Hilo ndo lilinikera. Sikukereka na watoto, nilijikera mwenyewe, maana mi ndo nilikuwa naandika hizo noti ubaoni mwaka wa sita mfululizo.

Sasa wazo lilikujaje. Nilikuwa nasoma shajara ya Speke, ipo bure kabisa mtandaoni kwa sababu ni ya zamani, haki za mwandishi zilishakwisha. Nikaona aliondoka Kazeh, ndo Tabora ya leo, tarehe 9 Julai 1858, akafika Muanza tarehe 3 Agosti. Nikahesabu vidole, siku 25. Nikaangalia kalenda ya shule: tunafungua muhula mwanzoni mwa Julai. Nikasema hee! Hawa watoto wanaweza kutembea naye siku kwa siku, tarehe kwa tarehe, yeye 1858 sisi sasa hivi, bila kuruka hata siku moja.

Nilianza kwa kutafuta kama kuna programu imeshatengenezwa tayari, maana kazi ya bure hakuna anayeipenda. Zipo za wapelelezi, nyingi, nyingine nzuri kwa macho kweli kweli, mtoto anabofya meli inakwenda, anabofya kofia anaona maelezo. Lakini nilizoziona mimi zote ugonjwa wao mmoja. Mzungu yupo mbele na kofia yake, ana jina, ana mawazo, ana njaa, anaumwa. Nyuma yake kuna mstari wa vivuli wamebeba mizigo kichwani, na hao hawabofyeki. Nilijaribu kweli, nikawa nabofya kila kivuli, hamna kitu. Dogo mmoja niliyekuwa nimemwita anisaidie kuijaribu akasema madam hawa wametiwa kama miti. Basi nikafunga, nikasema ngoja nitengeneze yangu hata kama itakuwa mbaya.

Na ilikuwa mbaya, tusidanganyane. Nilitumia Google Earth, unafungua mradi wako humo, unachomeka pini kwenye ramani, kila pini unaipa maelezo, picha, vidio ukitaka. Pini 25. Kila pini ina kitu kimoja kilichotokea njiani, swali moja lisilo na jibu la ndiyo au hapana, na linki ya fomu ambapo kikundi kinaandika jibu lake na kuona majibu ya vikundi vingine. Basi, hiyo ndo programu nzima. Mwalimu mwenzangu wa Tabora, tulisoma wote chuo, akakubali darasa lake liingie humo humo, kwa hiyo swali la leo linajibiwa na watoto wa Mwanza na wa Tabora, na wanaonana majibu, na wanachambana kidogo pia, kwa sababu Wanyamwezi na Wasukuma ni watani au nasema uongo?

Changamoto za vifaa nitazipitia haraka haraka maana kila mwalimu anazijua. Kompyuta za mitumba, zinazowaka ni 11, watoto 46, kwa hiyo vikundi vya wanne wanne na wawili wanabaki wanahangaika. Kompyuta zenyewe zilikuwa zinaganda ile dunia ikianza kuzunguka, ikabidi niwe naifungua kwenye laptop yangu tu na projekta, wao wanabaki na ukurasa mwepesi wa maelezo na fomu. Bando natoa mfukoni. Umeme ukikatika tunahamia ubaoni na sauti yangu. Simu wanafunzi hawaruhusiwi. Imeisha hiyo.

Siku ya kwanza nilifanya makosa ya kuanza na historia ndefu. Burton, aliyekuwa mkuu wa msafara, na Speke walitoka Zanzibar Juni 1857, wakapitia Kaole pale karibu na Bagamoyo, wakafika Kazeh Novemba, wakaendelea mpaka Ujiji Februari 1858, wakaliona Ziwa Tanganyika, Speke macho yanamuuma kiasi kwamba ziwa lenyewe halioni vizuri. Naongea naona watoto wananipotea mmoja mmoja. Mpaka nilipofika kwenye pini ya mdudu.

Hii wengi hamuijui. Speke akiwa kule Ziwa Tanganyika, Machi 1858, usiku mbawakawa mdogo mweusi (darasani tulimwita mende tu) akamwingia sikioni. Sio kwamba alipita, aliingia akaanza kuchimba. Speke akamwaga siagi iliyoyeyushwa, mdudu hatoki, mwisho akachukua kisu kidogo akaanza kumchokonoa mwenyewe humo humo ndani. Akamuua lakini akajiumiza, sikio likaoza, likavimba uso mzima, akakaa kiziwi wa sikio hilo. Jamani darasa lilivyolipuka! Hiyo pini ilifunguliwa kuliko zote, mpaka watoto wa kidato cha nne wakaja kuomba waoneshwe mzungu wa mende. Na kuanzia hapo nikapata kitu nilichokuwa natafuta, kwamba Speke akawa mtu. Ana miaka 31, sikio bovu, macho mabovu, mwenzake Burton anaumwa amebaki Kazeh anapiga soga za Kiarabu na wafanyabiashara, yeye anaambiwa kaskazini kuna maji makubwa kuliko haya, anaamua kwenda.

Halafu nikawauliza swali la pini ya kwanza. Ataongea na watu njiani kwa lugha gani?

Wakajibu Kiingereza. Kikundi kimoja cha Tabora wakajibu kwa ishara. Hapo ndo nikamleta Sidi Mubarak Bombay. Huyu alikuwa Myao, alikamatwa utumwani akiwa mtoto, akauzwa Kilwa, akapelekwa India, baadaye akapata uhuru akarudi Zanzibar. Kihindustani alikijua cha kuungaunga, na Speke naye alikuwa afisa wa jeshi India anakijua. Kwa hiyo safari nzima Speke anamwambia Bombay kwa Kihindustani, Bombay anageuza Kiswahili, na mtu mwingine anakitoa kwenye Kiswahili kukipeleka Kinyamwezi au Kisukuma, halafu jibu linarudi njia ile ile. Tulifanya mchezo. Watoto wanne wakasimama mstari, wa kwanza naongea naye Kiingereza, wa pili Kiswahili, wa tatu Kisukuma, wa nne anajibu, linarudi. Niliuliza "maji haya yanaishia wapi", likarudi "amesema atakuja kesho". Tulicheka mpaka mwalimu wa hesabu akaja kugonga ukuta.

Lakini baada ya kicheko dogo mmoja wa Igoma, mkimya sana yule, akasema, madam kwa hiyo kila alichokiandika Speke ni Bombay ndo kakisema. Nikakaa kimya. Miaka sita nafundisha hii mada sijawahi kuliwaza hilo.

Na Bombay huyu hakuishia hapo, alirudi na Speke na Grant safari ya pili, akaenda na Stanley kumtafuta Livingstone mwaka 1871, akavuka bara na Cameron mpaka Atlantiki. Kama kuna mtu alipita njia nyingi za nchi hii enzi zile ni yeye. Kwenye noti zangu za miaka sita alikuwa hayumo. Sasa hivi ana pini tano.

Wiki ya pili ikawa ya mizigo. Nilitaka wale vivuli wabofyeke. Mzigo wa pagazi kwenye njia za misafara ulikuwa kama frasila mbili, kilo thelathini na kitu hivi. Tukachukua mfuko wa sembe wa kilo 25, yaani nimewapunguzia, kila mmoja abebe kutoka darasani mpaka getini na kurudi, tunapima muda na kuandika kwenye fomu. Na njia nzima kutoka Tabora mpaka hapa Speke aliikadiria maili 226, kama kilomita 360 hivi. Piga hesabu: ni mara ngapi getini na kurudi? Kikundi kimoja walikaa wakaipiga kweli, wakatuma Tabora, na wa Tabora wakajibu "poleni wazee wetu ndo walikuwa mapagazi, sisi hiyo ni damu". Walikuwa wanajisifu lakini ni kweli, Wanyamwezi ndo walikuwa wenyewe wa kazi hiyo, njia zile walizijua kabla ya mzungu yeyote, walikuwa wanashuka pwani na pembe na kurudi na nguo.

(Mzazi mmoja alikuja shuleni kulalamika kwamba mtoto wake anabebeshwa magunia badala ya kusomeshwa. Nilimwelewa. Tulimkalisha kwenye kompyuta, mwanaye akamwonesha, akaondoka anauliza habari za yule mende.)

Kitu kilichonifurahisha zaidi wiki hiyo ni maneno. Nilitengeneza pini ya maneno, nikaweka yale ya msafara: posho, hongo, merikani (kile kitambaa cha pamba kutoka Marekani), pagazi. Posho kilikuwa chakula cha siku cha mbebaji, au nguo na shanga za kununulia chakula. Hongo ilikuwa ushuru wa njia, msafara ukipita nchi ya mtemi unamlipa nguo, shanga, waya, ndo unapita kwa amani. Nikauliza, leo hayo maneno yana maana gani? Darasa zima kimya, halafu mtu nyuma kabisa kwa sauti ndogo: "madam hongo si ile ya trafiki?" Dah. Hilo somo lilijifundisha lenyewe, mi nilibaki naegemea meza tu. Tukabishana dakika arobaini, je mtemi alikuwa anakula rushwa au alikuwa anakusanya kodi halali ya nchi yake, na nani aliyeligeuza neno likawa la aibu. Wa Tabora wakaandika kwamba kodi ni hongo yenye risiti. Nimeiandika ukutani ofisini.

Na wasichana wangu walipata mtu wao, maana njiani Speke alipokelewa na mtemi mwanamke, bibi wa miaka sitini hivi na bangili zake kubwa za shaba mikononi. Kuna mtoto wa kike hapa darasani alikuwa anakaa dirishani haongei muhula mzima, siku hiyo akaandika fomu nzima peke yake, swali lilikuwa "ungemuuliza nini mgeni huyu", na yeye akaandika maswali tisa, la mwisho likiwa "kwenu wanawake wanatawala?" Nililisoma kwa sauti, nikakumbuka kwamba wakati ule ule kule kwao Uingereza malkia alikuwa Victoria, na jina lake ndo lipo kwenye ziwa letu mpaka kesho. Sikusema kitu, niliwaachia waunganishe wenyewe, na waliunganisha.

Sasa kuna siku ya Salawe.

Majina kwenye shajara ameyaandika kwa sikio la Kiingereza, mengine huyatambui mpaka uyatamke kwa sauti. Kwa hiyo kila siku kulikuwa na dakika tano za kusoma jina kwa sauti na kulitafuta kwenye ramani ya leo. Msalala wakaipata mara moja. Nindo wakaipata. Siku ya Salawe, kijana mmoja anakaa Mabatini akasoma, akarudia, akasimama. "Madam hapa kwa bibi yangu." Wenzake wakamcheka, wakidhani anatafuta sifa. "Kweli, kwa bibi mzaa mama, Shinyanga kule, tunapanda gari mpaka..." akaanza kuelekeza njia na mikono yote miwili mpaka akaangusha mausi.

Jioni yake akaenda kumpigia bibi kwa simu ya mama yake. Kesho yake mama akanitumia wasapu sauti ya dakika nne, bibi anaongea Kisukuma cha ndani hasa, kingine nilielewa nusu ikabidi mwalimu wa jiografia anisaidie. Anasema Julai huku kwetu ni ukame, mgeni akija na watu wengi anauliza kwanza maji yako wapi, na enzi za utoto wake walikuwa wanachimba mchangani kwenye mto mkavu, unachimba mkono mzima ndo unakuta, na aliyekuonesha mahali pa kuchimba ndo amekuokoa. Basi. Hakusema habari za Speke hata moja, hamjui na wala hamhitaji. Lakini nilipoichomeka ile sauti kwenye pini ya Salawe na watoto wakaisikiliza, mtu mmoja akauliza, watu wote wale na punda wao Julai, nani aliwaonesha maji? Swali la siku hiyo nililokuwa nimeandaa mimi lilikuwa ni la umbali. Nikalifuta.

Kuanzia hapo mradi ukanitoka mikononi. Wakaanza kuleta wao. Yule ana babu Msalala, yule ana shangazi sijui wapi, sauti zinaingia kwenye simu yangu usiku saa nne. Ramani ilianza na pini 25 za Speke, ikaisha na pini 60 na kitu, na nyingi si zake.

Tarehe 30 Julai Speke aliona maji kwa mara ya kwanza, lakini si ziwa lenyewe, ni ule mkono mrefu unaoingia ndani kusini, Ghuba ya Mwanza tunayoiita. Hapo sikuhitaji projekta. Darasani nilikuwa na watoto waliokuwa wanavuka na kivuko pale Kigongo kwenda Busisi kila likizo, siku hizi kuna daraja tayari, wakati ule lilikuwa bado linajengwa, na wote wakajua kabisa ni wapi. Kwa hiyo huyu jamaa alikuwa anatembea kandokando ya maji siku nne hajui kama ndo penyewe, akasema mmoja, kwa dharau kidogo ya mwenyeji.

Kabla ya siku ya mwisho tukafanya maji ya moto. Hii naipenda kuliko zote. Speke alijuaje urefu wa ziwa kutoka usawa wa bahari na hakuwa na simu wala setilaiti? Alichemsha maji. Ukipanda juu, hewa inapungua uzito, maji yanachemka kabla ya kufika nyuzi 100, kila mita 300 hivi unapoteza nyuzi moja. Nikaazima themomita maabara ya kemia, sufuria na jiko la gesi nikatoka navyo nyumbani, na rafiki yangu anayefundisha Bagamoyo nikamwomba afanye vile vile siku hiyo hiyo saa hiyo hiyo. Watoto wamejazana mezani, wanapumulia sufuria, nawafukuza wanarudi. Maji yakaanza kutoa povu dogo, halafu yakaja juu yote. Msomaji wa themomita akainama, akasema 96. Mwingine akasema siyo, soma vizuri, haijachemka bado. Yanachemka hayo! Tukasubiri dakika tatu. 96. Haikupanda. Simu ikalia, picha kutoka Bagamoyo: 100 kasoro kidogo sana.

Nyuzi nne, mara 300, mita 1,200. Ziwa lipo mita 1,134. Watoto wa shule ya kata na sufuria ya kukaangia vitumbua wamekosea mita sitini na kitu, na shule yenyewe ipo kilimani! Nilikuwa na furaha mpaka nikaunguza kidole.

Na hapo ndo swali kubwa la safari nzima likaja lenyewe. Speke baada ya kuona maji, kupima urefu na kuuliza wenyeji, akasema hiki ndo chanzo cha Nile. Hakukaa hata wiki. Hakupata mtumbwi wa kwenda kuzunguka. Mto unaotoka ziwani hajauona. Akageuza, tarehe 25 Agosti yuko Kazeh anamwambia Burton, na Burton hakukubali. Halafu Speke akatangulia kufika London Mei 1859, Burton akafika kama wiki mbili baadaye akakuta mwenzake keshaongea, wakawa maadui mpaka mwisho. Nikaweka kura kwenye fomu, shule mbili, mko upande wa nani? Nilidhani watu wa Mwanza watasimama na Speke, ziwa letu na nini. Wapi! Zaidi ya nusu walimpigia Burton. Sababu waliyoandika wengi: hajauona mto. Mmoja akaandika, "amebahatisha akapatia, kwenye mtihani tungemnyima maki za njia." Kwa maana ni kweli alipatia, alirudi mwaka 1862 akaona maji yanavyotoka kule Uganda, na bado watu wakabisha, mpaka Stanley alipolizunguka ziwa lote mwaka 1875 kwa boti iliyobebwa vipande vipande kutoka Bagamoyo. Speke hakuishi kuliona hilo, alikufa Septemba 1864 kwa risasi ya bunduki yake mwenyewe akiwa kwenye kuwinda, siku moja kabla ya mdahalo wake na Burton. Hapo darasa lilinyamaza kweli, yule yule wa mende.

Kuna mtu wa ngazi za juu alipita shuleni wiki hiyo akaniuliza hii yote inatoka kwenye mtihani swali namba ngapi. Nilimjibu vizuri tu kwa adabu. Nimeshaacha kulibeba.

Tarehe 3 Agosti ilikuwa Jumamosi. Nilisema anayetaka aje, nikategemea watoto kumi, wakaja 38 na wadogo zao. Speke ameandika kwamba asubuhi hiyo walitoka mahali anapopaita Isamiro, wakapanda kilima taratibu, walipofika juu ziwa likamfungukia ghafla. Unaweza kufikiria Isamiro ilivyozua ubishi, nusu wanasema si Isamilo yetu hiyo ya hapa mjini, r na l kwa Msukuma kitu gani, nusu wanasema haiwezekani njia haiji hivyo. Niliwaacha. Tukapanda kilima cha karibu na shule, mawe makubwa kama kawaida yetu, jua bado halijakaza, ukungu mwepesi juu ya maji, mitumbwi ya dagaa inarudi.

Tulikuwa tumekubaliana na wa Tabora tuwapigie vidio tukifika juu. Mtandao ukagoma mara mbili. Ya tatu ikashika, nikaona sura zao zimebanana kwenye simu ya mwalimu wao, wengi wao ziwa hawajawahi kuliona kwa macho. Nikageuza kamera. Kimya. Halafu sauti moja, "eeeh, mbona kama bahari." Mwingine akauliza ng'ambo iko wapi.

Sasa kwenye shajara kuna mwenyeji mmoja. Speke alipouliza ziwa hili upana wake kwenda kaskazini ni kiasi gani, alijibiwa na mwenyeji huyo aliyesafiri sana, akanyoosha mkono wa kulia mbele, akawa anaurusha na kudatisha vidole, kwamba hakuna anayejua, labda linafika mwisho wa dunia. Tuliisoma hiyo siku ya ishirini na nne, pini ina picha ya mkono tu niliyoichora mwenyewe vibaya.

Yule kijana wa Salawe akaja mbele ya kamera. Hakujibu kitu. Akanyoosha mkono kuelekea Ukerewe, akaurusha, ta, ta, ta, vidole vinalia, na kule Tabora darasa zima likainua mikono likajibu.